Mapigo ya leza yanapita km 75 za faiba na kurudi yalivyokuwa, nikiweka data yanavurugika. Nani anaelewa kinachotokea humo ndani?

#1 Nyuzi75

Habari zenu wakuu. Nipo masomoni, maabara ya optiki, kuna jambo nimelizunguka siku kadhaa silipatii jibu.

Nina leza inayotoa mapigo mafupi sana, upana wa pikosekunde 2 hivi, yanafuatana kila baada ya pikosekunde 100. Yaani GHz 10. Nina spuli 3 za faiba ya kawaida ile ya G.652, kila moja km 25. Mwanga ni nanomita 1550. Karatasi ya spuli inasema mtawanyiko (rangi tofauti za mwanga kwenda kwa kasi tofauti) ni 16.6 ps/nm kwa kilometa, yaani rangi zilizopishana nanomita 1 zinaachana pikosekunde 16.6 kila kilometa.

Darasani tumefundishwa mtawanyiko unapanua mapigo mpaka yanamezana. Nilichokiona mimi ni hiki: baada ya spuli ya kwanza, pale palipokuwa na pigo moja yapo matatu, yamepangana vizuri, GHz 30. Baada ya ya pili, matatu vilevile. Baada ya ya tatu yamerudi GHz 10 kama yalivyotoka kwenye leza.

Nikasema basi vizuri. Nikaweka moduleta kabla ya spuli, nikaanza kuruhusu na kuzuia mapigo kwa data za kubahatisha, sifuri na moja. Kabla ya faiba mchoro wa jicho (mapigo yote yakilazwa juu ya mengine kwenye skrini; likifunguka, moja na sifuri zinatofautika) umefunguka safi. Baada ya km 75 jicho limefumba, na nafasi zilizotakiwa kuwa tupu zina mapigo! Faiba ni ileile na umbali ni uleule. Data imewakosea nini?

#2 Mdadisi_TZ

Mkuu tangu lini pigo moja likazaa matatu kisha wakarudi tumboni? Hizo spuli mmezinunua wapi, nami niweke noti ya elfu kumi upande mmoja.

#3 Fundi Splaisi

Mimi ni mtu wa mitaroni, nimeunga faiba miaka mingi. Kabla hujaenda kwenye hesabu kubwa, safisha konekta. Ukiwa na konekta mbili chafu mwanga unagonga ya pili, unarudi ya kwanza, unakwenda tena. Kwenye OTDR, kile kifaa cha kupima faiba kwa mwanga unaorudi, hayo tunayaona kila siku, vijimlima vya uongo sehemu isiyo na kitu. Mapigo yako kwenye nafasi tupu yanaweza kuwa hayohayo.

#4 Mama Optiki

Fundi, kusafisha ni lazima, hilo sikatai. Ila mwanga uliorudi mara mbili unakuwa hafifu mno, haufikii hata karibu ya urefu wa pigo lenyewe. Na hauwezi kuchagua kuwa matatu kwenye km 25 kisha moja kwenye km 75.

Nyuzi75, hilo lina jina: athari ya Talbot, ile ya kwenye wakati. Henry Fox Talbot, Mwingereza huyohuyo wa mwanzo wa upigaji picha, aliona mwaka 1836 kwamba mwanga ukipita kwenye wavu wenye mistari iliyopangwa sawasawa, taswira ya wavu inajitokeza tena mbele yake bila lenzi yoyote. Rayleigh akatoa hesabu ya huo umbali mwaka 1881. Mwaka 1981 Jannson na Jannson wakaonyesha kwamba faiba inaufanyia wakati kile ambacho nafasi wazi inaifanyia taswira.

Hesabu yenyewe si ngumu. Msururu wa mapigo yanayojirudia bila kubadilika, kwenye spektra (mwanga ukitenganishwa kwa masafa yake) ni mistari myembamba iliyoachana GHz 10. Faiba haigusi ukubwa wa mistari hiyo, inageuza fezi yake tu, yaani wimbi liko sehemu gani ya mzunguko wake. Fezi inakua kwa mraba wa namba ya mstari kutoka katikati: 1, 4, 9, 16 na kuendelea. Sasa tafuta umbali ambao mstari wa kwanza umegeuka nusu mzunguko. Wa pili utakuwa umegeuka nusu mzunguko mara 4, yaani mizunguko 2 kamili, ni kama hajaguswa. Wa tatu mara 9, sawa na nusu. Namba shufwa zote zimerudi, namba witiri zote zimepinduka, na hiyo ndiyo picha ya msururu uleule uliosogea nusu hatua. Kwa 16.6, beta-mbili yako (mtawanyiko uleule ukiandikwa kwa masafa badala ya nanomita) ni kama ps² 21.2 kwa km. Chukua 100 mraba, gawa kwa 2π mara 21.2. Unapata km 75.

Spuli zako zimekupa theluthi, theluthi mbili, na nzima. Theluthi inazaa mapigo matatu. Ungekuwa na km 37.5 ungeona mawili.

#5 Mdadisi_TZ

Nafuta utani wangu wa noti. Kidogo.

#6 bwana_dB

Mama Optiki yuko sahihi lakini mimi nina kesi na hilo neno la Nyuzi75 kwamba mapigo yamerudi yalivyokuwa. Unapima na nini? Kama ni oskiloskopu na fotodiodi (inayogeuza mwanga kuwa umeme) ya GHz 50, kifaa chako chenyewe kinaonyesha upana wa pikosekunde 10 hata ukikipa pigo la pikosekunde 2. Kwa pigo fupi hivyo, mita 68 tu za faiba zinatosha kuanza kulipanua. Kwa hiyo ukikosea umbali wa Talbot kwa mita 200, pigo lako ni pikosekunde 6 na wewe kwenye skrini bado unashangilia.

Swali la pili, leza inaendeshwa GHz 10 kamili au 9.953 ile ya STM-64, kasi sanifu ya mitandao ya simu? Kwa 9.953 umbali unakuwa km 75.8, si 75.

#7 Nyuzi75

Asante Mama Optiki, nimesoma mara tatu.

bwana_dB, ni GHz 10 kamili kutoka kwenye sinthesaiza, na ndiyo, fotodiodi ni ya GHz 50. Mwanzoni hayakuwa safi, yalikuwa na mabega mabega. Nikawa nageuza urefu wa wimbi wa leza kidogo kidogo mpaka yakakaa. Nilidhani narekebisha leza.

#8 bwana_dB

Ulikuwa unarekebisha faiba bila kujua. Mtawanyiko wa G.652 hubadilika kama 0.058 kwa kila nanomita. Ukisogeza leza nanomita 1, ni sawa na kuongeza au kukata mita 360 hivi kwenye spuli zako zote tatu. Ndiyo mkasi wa bei rahisi kuliko wote.

#9 Mwalimu Kasi

Nimefundisha fizikia sekondari, ngoja nijaribu kulileta kwa wale wanaosoma kimyakimya. Chukua wakimbiaji uwanjani, kila mmoja ni mstari mmoja wa ile spektra. Kwenye huo umbali wa km 75, kila mstari umechelewa kuliko jirani yake kwa pikosekunde 100, hatua moja kamili ya msururu. Kwa wakimbiaji, kila mmoja kamzidi jirani yake raundi moja nzima. Ukitazama uwanja sasa hivi wote wako mstari mmoja, utasema hawajaachana. Kumbe mmoja yuko raundi ya 5 na mwingine ya 20.

Bila data hakuna wa kujua, raundi zote zinafanana. Weka data: kila raundi ina namba yake, moja au sifuri. Wakifika pamoja kila mmoja ameshika karatasi ya raundi tofauti. Pigo linalotoka ni mchanganyiko wa karatasi zote.

#10 Binti Spektra

Mwalimu hapo umeupiga mwingi. Ila mfano wako hauelezi kwa nini km 25 zinatoa matatu. Wakimbiaji walioachana theluthi ya raundi ningewaona makundi matatu, sawa, lakini kwa nini makundi yawe na nguvu sawa na ya katikati yasiwe dhaifu? Hapo lazima urudi kwenye fezi za mraba za Mama Optiki. Raundi peke yake haitoshi.

Niongezee kwa Nyuzi75. Pigo la pikosekunde 2 lina upana wa spektra kama GHz 220, kwa hiyo una mistari kama 22. Kila mmoja kachelewa hatua moja kuliko mwenzake. Maana yake kila nafasi ya wakati huko mwisho inapokea mchango wa biti kama 22 za jirani. Pale palipokuwa na sifuri majirani wanapajaza. Pale palipokuwa na moja panapungukiwa. Unachopata ni wastani.

Na kuna kitu kizuri humo. Data ya kuwasha na kuzima, nusu kwa nusu, ina nusu ya nguvu yake kwenye mistari ya GHz 10 na nusu nyingine imesambaa katikati ya mistari. Ile ya kwenye mistari inatii Talbot na kutoka mapigo yanayolingana. Ile iliyosambaa inatoka kama kelele. Kwa hiyo faiba yako imekula data ikatema saa! Kuna watu wanaitumia hivyo makusudi, kupata saa ya GHz 10 kutoka kwenye ishara yenye data bila elektroniki.

#11 Kipanga

Mnakwenda haraka. Mapigo yanayozuka kwenye nafasi tupu yana historia nyingine kabisa, watu wa mifumo ya 40G waliyapigania sana: mapigo mizimu. Mapigo mafupi yakiingia kwenye faiba yanapanuka na kulaliana papo hapo. Yakilaliana na nguvu ikiwa kubwa, faiba yenyewe inabadilika kwa mwanga, mapigo mawili matatu yanachanganyika na kumwaga nishati kwenye nafasi ya jirani iliyo tupu. Hilo si mtawanyiko peke yake. Nyuzi75, unaingiza nguvu kiasi gani?

#12 Nyuzi75

dBm 10 baada ya amplifaya, wastani. Amplifaya iko mwanzoni tu, kati ya spuli hakuna.

#13 Mama Optiki

Kipanga, milliwati 10 wastani, kilele ni milliwati 500 pale mlangoni tu. Baada ya mita mia kadhaa pigo limeshatandazwa na kilele kimekwisha. Urefu wa kilometa 1.5 unaohitajika ili hiyo 500 ifanye kazi haupo. Mtawanyiko unaiwahi.

#14 Kipanga

Mama, hiyo ni hesabu ya pigo moja lililo peke yake. Hapa wamelaliana ishirini, na kilele kinazuka upya kila palipo na Talbot ya sehemu (kama ile theluthi) njiani. Chukua wastani tu: 1.3 kwa wati kwa km (kiasi ambacho mwanga unaigeuza faiba), mara 0.01, mara km 21 zenye nguvu ya maana. Radiani 0.27. Kwa mtu anayetegemea fezi zipangane barabara ili picha irudi, hiyo si ndogo.

#15 Mama Optiki

Si ndogo, wala haitoshi kujaza sifuri zote. Apunguze dB 3, yaani nusu ya nguvu, atuambie.

#16 Redio ya Mwanga

Nimekuwa nikipeleka ishara za redio kwenye faiba, nadhani mnakiangalia kitu kimoja kupitia dirisha dogo. Sahau mapigo. Chukua leza inayowaka muda wote, uipandishe na kuishusha kwa wimbi moja la redio. Kwenye spektra una mistari mitatu tu, wa katikati na mabawa mawili. Mtawanyiko unageuza fezi ya mabawa. Kuna masafa ambayo mabawa mawili yanafutana kabisa kwenye fotodiodi na ishara inapotea wakati pawamita inakwambia mwanga upo. Kwa km 80 za faiba yenye mtawanyiko wa 17, tundu la kwanza liko karibu na GHz 6.8. Kwa km 20 liko 13.6, ukigawa umbali kwa 4 tundu linaruka mara mbili juu.

Sasa fanya kwa km 75 za Nyuzi75: GHz 7.07. Panda hadi GHz 10 na ishara imerudi nzima, ila imepinduka. Hiyo ndiyo nusu hatua ya Mama Optiki. Rudi kwenye km 37.5: tundu liko GHz 10 penyewe, kwa hiyo mpigo wa 10 unafutika na unabaki wa 20. Ndiyo yale mawili aliyoyataja kwenye #4.

Na nishati haikupotea kwenye tundu. Imehamia kwenye fezi. Weka moduleta ya fezi badala ya ile ya ukubwa, utaona kinyume: bila faiba fotodiodi haioni kitu, ukiongeza faiba ishara inazuka.

#17 Nyati wa Bara

Huu uzi umenikumbusha mateso. Kampuni niliyokuwa nafanya kazi zamani, siitaji, tulikuwa na kiungo cha km 96 kati ya vituo viwili. 2.5G ilipita miaka bila tatizo. Ikaja amri kutoka juu: wekeni 10G. Tukaweka SFP+ za ZR (moduli za kutuma na kupokea mwanga kwa umbali mrefu), hazishiki. Meneja akasema nguvu haitoshi, ongeza amplifaya. Tukaongeza. Pawamita inasoma vizuri kabisa, dBm -12, na makosa yanamiminika. Tukabadilisha SFP. Tukabadilisha paneli. Usiku wa manane tunasafisha konekta kwa tochi ya simu, Fundi Splaisi angetupenda.

Tatizo lilikuwa 96 mara 17, yaani 1632 ps/nm, na zile ZR zimetengenezwa kwa km 80 hivi. Amplifaya inaongeza mwanga, haiondoi mtawanyiko. Kilichotuokoa ni kasha la faiba ya kufidia, ile yenye mtawanyiko hasi kama -100. Km 14 za hiyo zilizoviringishwa ndani ya kasha zinafuta km 80 za mtaroni.

Na ile 2.5G ilipitaje? Sheria ya mraba. Kasi ikipanda mara 4, umbali unashuka mara 16: pigo limekuwa fupi mara 4, na spektra imekuwa pana mara 4. Ndiyo maana 40G kwa mtindo uleule wa kuwasha na kuzima ilikufa baada ya km 5 hivi bila kufidiwa.

#18 Ukoka

Nyati, hayo makasha bado yapo? Niliambiwa kwa 100G yanatolewa.

#19 Nyati wa Bara

Tuliyatoa. Kipokezi cha kohirenti kinasoma ukubwa na fezi pamoja, kwa hiyo chipu inaurudisha mtawanyiko wote kwa hesabu, maelfu ya ps/nm bila jasho. Kipokezi cha zamani kilisoma ukubwa peke yake, fezi ilitupwa kwenye fotodiodi, na kilichotupwa hakihesabiki.

Tena kuuacha mtawanyiko ukusanyike njiani imeonekana bora kuliko kuufuta kila kituo. Mapigo yaliyotandazwa sana hayana vilele vya kusumbuana. Nyaya za baharini za enzi ile SEACOM inafika pwani yetu, Julai 2009, zilikuwa zinapangwa kwa kuchanganya faiba za mtawanyiko chanya na hasi ili jumla isipande. Siku hizi wanalaza faiba ya mtawanyiko mkubwa moja kwa moja na kuiachia chipu.

#20 Kipanga

Asante Nyati kwa kunisaidia bila kukusudia. "Vilele vya kusumbuana" ndivyo mizimu yangu.

#21 Ukoka

Kwani si walitengeneza faiba isiyo na mtawanyiko kabisa pale 1550? Nyuzi75 atumie hiyo aache kuumia.

#22 bwana_dB

Ilitengenezwa, G.653, Japani waliilaza kwa wingi. Ilikuwa tamu mpaka wakataka kupitisha rangi nyingi pamoja. Bila mtawanyiko rangi zinakwenda sambamba na kuchanganyika, zinazaa rangi za haramu juu ya njia za wengine. Ikabidi waje na G.655 yenye mtawanyiko kidogo wa makusudi.

#23 Mdadisi_TZ

Wakubwa, naomba msaada wa kijinga. Intaneti ya nyumbani ni ya faiba na jioni inakokota. Je, ni huu mtawanyiko wenu?

#24 Fundi Splaisi

Hapana kaka. Ya nyumbani ni GPON, faiba moja inayogawiwa nyumba nyingi, inashuka kwa nanomita 1490 kasi 2.5G, umbali haufiki hata km 20. Mtawanyiko hapo hauna la kusema. Wewe jioni watoto wote wako kwenye video na ruta umeificha nyuma ya friji.

#25 Mdadisi_TZ

Nani kakwambia kuhusu friji???

#26 Nyuzi75

Nimerudi na vipimo.

Kwanza nimeondoa data za kubahatisha, nikaweka wimbi moja kwenye moduleta, la kupandisha na kushusha ukubwa wa mapigo. Kwa MHz 50, baada ya km 75 mapigo yanapanda na kushuka vizuri, karibu kama mwanzo. Kwa MHz 200 kupanda na kushuka kumebaki kama nusu. Kwa GHz 1 hakuna kitu, mapigo yote yana urefu mmoja kama vile moduleta imezimwa.

Pili nimerudisha data na kupunguza nguvu, dBm 10, kisha 7, kisha 4. Mapigo ya kwenye nafasi tupu hayakuondoka. Urefu wake ukilinganisha na ya jirani ni uleule. Ila ule unene wa kelele juu yake umepungua kidogo niliposhuka kutoka 10 hadi 7.

Tatu, kuna kamkia nyuma ya kila pigo. Kwa wimbi, kwa data, hata kwa msururu mtupu.

#27 Binti Spektra

Kipimo cha kwanza ndicho chenyewe. Mistari 22 iliyoachana hatua moja moja ni nanosekunde 2.2 jumla. Badiliko la polepole kuliko hapo linapita, la haraka kuliko hapo linasawazishwa. Data yako ina mabadiliko mpaka GHz 5, imebaki na vipande vya chini tu.

#28 Kipanga

Na kipimo cha pili nacho je? Ukipunguza nguvu, kelele ya amplifaya ilitakiwa ionekane zaidi, si pungufu. Imepungua. Kuna kitu cha nguvu humo ndani.

#29 Mama Optiki

Au fotodiodi yake ilikuwa imeshiba kwa dBm 10. Nguvu inayofika kwenye kipokezi aliiweka sawa mara zote tatu? Kama hakuweka, hicho si kipimo cha faiba, ni kipimo cha fotodiodi. Na urefu haukubadilika, hilo hulisemi.

#30 Kipanga

Nalisema: urefu ni wa kwako, kelele ni ya kwangu. Kelele ndiyo iliyofumba jicho.

#31 bwana_dB

Huo mkia mimi nauona ni mtawanyiko wa daraja la tatu. Kwa pikosekunde 2, ule mteremko wa 0.058 unaanza kuuma baada ya km 13 tu, na yeye ana 75. Picha ya Talbot inataka fezi ya mraba tupu. Ya ujazo ikiingia, mistari ya pembeni inafika haijapangana na pigo linaota mkia wa nyuma. Autokorileta, kile kifaa cha kupima pigo fupi kwa kulilinganisha na nakala yake, mnayo?

#32 Redio ya Mwanga

Autokorileta haitamsaidia kujua mkia uko mbele au nyuma, picha yake huwa na pande mbili zinazolingana hata pigo likiwa limepinda vipi. Na kabla ya kulaumu faiba, angalia pigo lililotoka moja kwa moja kwenye leza kwa fotodiodi ileile. Fotodiodi nyingi za GHz 50 zina mtikisiko wa nyuma zenyewe. Mkia wa bwana_dB ni pikosekunde chache, kwa kifaa cha pikosekunde 10 sijui kama ungeuona.

#33 Ukoka

Na mambo ya polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga)? Nasikia nayo hupanua mapigo.

#34 bwana_dB

Kwa km 75 za faiba mpya haifiki pikosekunde 1. Weka pembeni.

Redio, kamkia kakionekana kwenye spuli ya 3 na hakapo kwenye leza, utalipa soda.

#35 Nyuzi75

Kwenye leza moja kwa moja kuna kamtikisiko, lakini kadogo kuliko kale ka baada ya km 75. Soda mgawane.

Mama Optiki, nguvu kwenye kipokezi sikuiweka sawa. Kesho naweka atenyueta, kipunguza mwanga, kabla ya fotodiodi.

#36 Binti Spektra

Ukiwa hapo, jaribu hili pia. Sogeza bayasi ya moduleta (volti yake ya kudumu) mpaka pale isipopitisha mwanga, data iwe inageuza fezi ya pigo nusu mzunguko badala ya kulizima. Wastani wa +1 na -1 ni sifuri, mistari ya GHz 10 inapotea kwenye spektra. Kama Talbot ndiyo inayoyazaa hayo mapigo ya kulingana, kwa data ya fezi hakutakuwa na saa wala mapigo mwishoni, ni kelele tupu. Spektra utaiona hata kabla ya kufunga faiba.

#37 Kipanga

Hilo litakuwa hivyo kwangu na kwa Mama, halitutenganishi. Kinachotutenganisha ni kuhamisha amplifaya. Itoe mwanzoni, ingiza dBm 0 kwenye spuli ya kwanza, kisha kuza mwishoni kabla ya fotodiodi. Mtawanyiko ni uleule mpaka tone la mwisho, nguvu ndani ya faiba imeshuka mara kumi.

#38 Mama Optiki

Nakubali kipimo hicho. Ila ukikuza mwishoni unaingiza kelele ya amplifaya kwenye ishara iliyokwisha dhoofika kwa dB 15 na zaidi, halafu utaniambia kelele imeongezeka kwa sababu ya Talbot. Pima spektra kabla na baada, pande zote mbili, tuone kama kuna mistari mipya nje ya ile GHz 220. Mwanga uliochanganyika unaacha alama pale, mtawanyiko peke yake hauwezi.

#39 Kipanga

Kwa radiani 0.27 alama hiyo itakuwa chini ya sakafu ya kelele, unajua.

#40 Nyuzi75

Kipima spektra kimechukuliwa na kundi jingine mpaka Alhamisi. Naanza na bayasi na atenyueta, nitaweka picha hapa.